Kuumizwa utotoni, kujidharau ukubwani: uende kwa mnasihi wa aina gani?

Ukishaamua kumtafuta mnasihi kwa ajili ya mambo yaliyokupata utotoni, linakuja swali ambalo wengi hawajaliandalia jibu: mnasihi wa aina gani? Mmoja atakusikiliza wiki baada ya wiki bila kukuelekeza pa kwenda. Mwingine atakupa karatasi yenye safu tano na kazi ya kufanya nyumbani. Wa tatu atatandaza kamba sakafuni na kukuomba umsimulie maisha yako tangu ulipozaliwa. Wa nne atakwambia uje Jumatano alasiri, mtakuwa wanawake tisa. Wote wamesomea kazi hiyo, na kila mmoja ana imani yake kuhusu kilichokupata na kinachokuponya. Makala haya yanaziweka njia hizo nne pamoja ili uchague ukiwa unajua unachagua nini.

Kwanza, kinachotibiwa

Utafiti ambao wanasihi wengi huutaja ulifanyika San Diego, Marekani. Kati ya 1995 na 1997, daktari Vincent Felitti na mwenzake Robert Anda waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 juu ya mambo yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa kijinsia, kutojaliwa, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa. Matokeo ya kwanza yalitoka 1998. Kadiri aina za mateso zilivyoongezeka, ndivyo sonona, ulevi na majaribio ya kujiua yalivyoongezeka ukubwani. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu robo tatu walisema waliwahi kupigwa ngumi, teke au kiboko, au kutishiwa kwa silaha, kabla ya miaka 18. Karibu robo walisema mtu mzima aliwaumiza kwa maneno na vitisho. Ukiwa mmoja wao, basi kwenye daladala yoyote unayopanda umekaa na wenzako.

Takwimu hizo hazisemi namna kipigo kinavyogeuka kuwa maoni ya mtu juu ya nafsi yake. Maelezo yaliyonikaa zaidi ni ya Ronald Fairbairn, tabibu wa Edinburgh aliyewahi kushughulika na watoto walioteswa, aliyoyaandika mwaka 1943. Mtoto humtegemea mzazi au mlezi kwa chakula, kwa kulala, kwa kila kitu. Hawezi kukubali kwamba mtu huyo ni mbaya, maana atabaki bila pa kukimbilia. Kwa hiyo ubaya anauchukua yeye. Kama mbaya ni mimi, basi nikijirekebisha nitapendwa. Tumaini hilo humvusha mtoto wa miaka 7. Tatizo ni kwamba akifika miaka 37 bado anajirekebisha, na walioanzisha kesi hiyo huenda walishakufa.

Nitatumia mtu mmoja wa kufikirika katika njia zote nne, ili tofauti zionekane. Ni dada wa miaka 34. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, akalelewa nyumbani kwa baba yake mdogo. Hela ikipotea, aliitwa yeye kwanza. Sukari ikipungua, ni yeye. Aliambiwa ana mkosi, kwamba ndiye aliyemmaliza mama yake. Leo ni mhasibu na analipa ada za watoto wa nyumba ileile. Lakini bosi akimwita ofisini, tumbo linamkata kabla hajajua anaitiwa nini. Akisifiwa anabadili mazungumzo. Kwenye shughuli za ukoo hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango wa jikoni, ili sahani zikianza kukusanywa awe wa kwanza kuinuka.

Vigezo nitakavyovitumia ni vitano: njia inalielezaje tatizo, nini hufanyika chumbani, muda na gharama, mipaka na hatari zake, na humfaa nani.

Njia ya kwanza: unasihi wa kusikilizwa

Inavyolieleza tatizo. Njia hii ilianzishwa na Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, na ndiyo msingi wa kozi nyingi za unasihi. Yeye aliona kwamba mtoto anayependwa kwa masharti tu, akifanya kazi, akinyamaza, akishika namba nzuri darasani, hujifunza kujipenda kwa masharti yaleyale. Dada wa mfano wetu anajiona ana thamani pale anapoosha vyombo au kulipa ada. Akikaa bure, thamani inaondoka.

Chumbani. Unazungumza, mnasihi anasikiliza kwa makini na kukurudishia alichokisikia, bila kukuhukumu wala kukuharakisha. Hakupi mashauri mengi. Wengi wetu tumezoea kwamba mkubwa ukimweleza shida atakwambia la kufanya, kwa hiyo wiki za mwanzo unaweza kujiuliza unalipia nini. Kinacholengwa ni hali ambayo huenda hujawahi kukutana nayo: mtu mzima anakuona ukiwa na hasira, ukiwa na aibu, ukiwa huna cha kumpa, na wiki inayofuata bado anakufungulia mlango.

Muda na gharama. Hauna mwisho uliopangwa. Kwa anayelipa kila anapokwenda, jambo hilo ni zito, basi mwombe mnasihi mpange siku ya kutathmini, mathalani baada ya vikao sita.

Mipaka. Kwa mwenye jinamizi kila usiku, au anayerudishwa ghafla kwenye tukio hata akiwa barabarani, kusikilizwa peke yake mara nyingi hakutoshi. Pia njia hii inategemea mno utu wa mnasihi mwenyewe. Akiwa mtu wa kupiga miayo na kuangalia simu, hakuna zana nyingine ya kufidia.

Humfaa nani. Aliyekua bila kusikilizwa, ambaye hata hajui aanzie wapi. Na anayeshtuka akiamrishwa.

Njia ya pili: tiba ya fikra na tabia

Inavyolieleza tatizo. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, aliianza miaka ya 1960 baada ya kuona kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka, ya kujishusha, yanayopita kichwani bila kukaguliwa. Chini ya mawazo hayo kuna imani za msingi zilizojengwa mapema: sipendeki, siwezi, sina maana. Imani hizo huchagua ushahidi. Dada yetu amesifiwa mara nyingi kazini na hakumbuki hata moja. Kosa la hesabu la miaka mitatu iliyopita analikumbuka mpaka tarehe.

Chumbani. Hapa ndipo penye vitu vya kushika mkononi. Karatasi ina safu tano: kilichotokea, wazo lililonijia, nilivyohisi, ushahidi wa kukubali na wa kukataa, na ninavyoweza kulitazama upya. Tuseme Jumanne bosi amemwita. Wazo: ameona nimeharibu, nitafukuzwa. Hisia: hofu, tumbo kukata. Ushahidi wa kukubali: alisema njoo mara moja, na hakutabasamu. Ushahidi wa kukataa: huita kila mtu hivyo, mara ya mwisho aliniita kuniuliza likizo, ripoti yangu ilipita ukaguzi. Akijaza karatasi kama hiyo wiki kwa wiki, anaanza kuona kwamba sauti inayomtisha ina maneno yaleyale ya nyumbani kwa baba mdogo, na kwamba haijawahi kuchunguza chochote.

Baada ya karatasi yanakuja majaribio ya vitendo. Katika shughuli ijayo akae katikati ya ukumbi, na sahani zikikusanywa asiinuke. Aandike mapema anachodhani kitatokea: watanisema, shangazi atanuna. Kisha aandike kilichotokea. Huenda shangazi atanuna kweli, na hilo nalo ni somo, kwa sababu atakuwa amenuna na dunia haijaanguka.

Kwa imani zilizoota mizizi mirefu kuna tawi lake liitwalo tiba ya skima, lililoanzishwa na Jeffrey Young. Lenyewe huchimba hadi utotoni na huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi mwaka au zaidi.

Muda na gharama. Kwa kawaida vikao 12 hadi 20, mara moja kwa wiki. Unajua bajeti yako tangu mwanzo. Gharama nyingine ni jasho: asiyefanya kazi ya nyumbani hunufaika kidogo.

Mipaka. Ikifanywa kwa haraka, hugeuka kuwa mabishano ya nani ana hoja, na aliyebishiwa utoto mzima atasikia kwamba anakosea tena. Wapo pia wanaosema, baada ya wiki nyingi, kwamba akili imeshakubali kuwa hawana kosa ila moyo bado. Hilo si ukaidi. Mara nyingi ni dalili kwamba kuna tukio mahususi ambalo halijaguswa.

Humfaa nani. Mwenye sauti ya kujilaumu siku nzima, anayependa mpango na kuandika, na anayetaka kuona mabadiliko kazini na nyumbani ndani ya miezi michache.

Njia ya tatu: tiba ya simulizi ya maisha

Inavyolieleza tatizo. Njia hii iliundwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na jaribio lake mojawapo la mapema lilifanyika jirani zetu Uganda, kambi ya Imvepi, kwa wakimbizi wa Sudan. Hoja yao ni kwamba tukio la kutisha huhifadhiwa vipandevipande: harufu, sauti, jasho, maumivu ya mwili, bila tarehe wala mahali. Kwa kuwa halina tarehe, mwili hulichukulia kama jambo la sasa. Bosi anafunga mlango, na mwili wa dada yetu uko tena kwenye chumba cha baba mdogo.

Chumbani. Unatandaza kamba sakafuni. Mwanzo wake ni kuzaliwa kwako, na kipande kilichobaki kimeviringishwa ndiyo miaka ijayo. Juu yake unaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo lililokuumiza, kwa mpangilio wa miaka. Jiwe kubwa kwa kifo cha mama. Jiwe kwa ule usiku alioambiwa alale nje. Halafu maua, na hapo watu wengi hushangaa, kwa sababu walikuja wakidhani hawana hata moja: mwalimu wa darasa la tano aliyempa kalamu, jirani aliyemwita mwanangu, siku ya matokeo ya kidato cha nne.

Vikao vinavyofuata vinasimulia maisha hayo kuanzia mwanzo. Mkifika kwenye jiwe mnakwenda polepole: ulisimama wapi, ulivaa nini, ulisikia nini, sasa hivi mwili wako unasemaje. Mnasihi anaandika, na kikao kinachofuata anakusomea, nawe unasahihisha. Mwishoni unabaki na maandishi ya maisha yako. Kwa aliyeambiwa ana mkosi, kusomewa maisha yake kwa mpangilio humwonyesha mtoto wa miaka minane aliyekuwa akifanya kila awezalo.

Muda na gharama. Ni ya muda mfupi, mara nyingi vikao 4 hadi 12 vya dakika 90 hivi. Pale Imvepi walitumia vikao vinne tu, na baada ya mwaka mmoja waliobaki na dalili kamili za kiwewe walikuwa asilimia 29 kati ya waliopata tiba hii, dhidi ya asilimia 79 ya waliopata unasihi wa kuwaunga mkono. Kundi lile lilikuwa dogo na lilitoka vitani, hivyo usilichukue kama ahadi kwako. Katika utafiti uliofuata kambi ya Nakivale, hukohuko Uganda, 2008, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, tiba hii na ushauri mwingine wa kiwewe zote mbili zilisaidia kuliko kuachwa bila huduma. Waliotoa tiba Nakivale walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo, jambo linaloonyesha kwamba haihitaji shahada ndefu. Shida ni kumpata aliyefunzwa.

Mipaka. Vikao vya katikati huuma. Usingizi unaweza kuvurugika kwa siku kadhaa. Haifai kuanzwa ukiwa bado unaishi na anayekupiga, wala ukiwa huna mahali salama pa kurudi baada ya kikao. Na kama utoto wako hauna matukio makubwa bali ukavu wa miaka mingi, nyumba ambayo hakuna aliyekupiga wala aliyekutazama, kamba yako itakuwa na mawe machache yasiyoeleza uzito wenyewe.

Humfaa nani. Mwenye matukio anayoweza kuyataja lakini hayasimulii, yanayomrudia usiku au akiguswa bega.

Njia ya nne: kikundi

Inavyolieleza tatizo. Kuumizwa kulitoka kwa watu, na kujidharau kunaendelezwa ndani ya uhusiano na watu. Hapa kuna mchango wa John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, na wa mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyechunguza akina mama na watoto wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Mtoto, kwa namna anavyopokelewa akilia, hujenga picha mbili kwa pamoja: watu wakoje, na mimi nastahili nini. Picha ya pili haibadiliki vizuri ukiwa peke yako.

Chumbani. Mnakaa kwa duara, kwa kawaida wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Mfano unaojulikana ni wa Masaka na Rakai, Uganda, uliochapishwa 2003: vijiji 30, nusu yake vikapewa vikundi vya kukutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa palepale waliofunzwa. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji vingine asilimia 54.7. Walichozungumza ni misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, mambo ya leo kuliko ya utotoni. Ila dada yetu akimsikia mama wa miaka 60 akisema naye hukaa karibu na mlango wa jikoni, atalipokea hilo kwa namna ambayo mnasihi hata awe hodari vipi hawezi kumpa.

Muda na gharama. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Vikundi vingine ni bure kupitia hospitali au mashirika.

Mipaka. Siri. Mtaani kwetu habari hutembea, na mtu mmoja asiyejizuia huvunja kikundi kizima. Pia mkimya anaweza kumaliza wiki 16 akiwasikiliza wenzake na kuwapelekea chai, yaani akirudia palepale alipokuwa nyumbani. Kiongozi mzuri huliona hilo na kulisema kwa upole.

Humfaa nani. Mwenye upweke na aibu, anayeamini ni yeye tu. Humfaa kidogo mwenye jambo ambalo bado hawezi kulitamka hata kwa mtu mmoja.

Na shehe, mchungaji au padri?

Watu wengi huanzia huko, na wengi husaidiwa: ni bure, yuko karibu, na anaijua imani unayoisimamia. Ombi langu ni moja. Akikutaka umsamehe aliyekuumiza kabla hujapata nafasi ya kusema alikufanya nini, mwambie hujafika hapo. Mtoto aliyebeba lawama za wakubwa akiharakishwa kusamehe hurudi kuzibeba, safari hii kwa jina la dini. Viongozi wenye busara hulielewa hili, na wengi wao humwelekeza muumini kwa mnasihi huku wakiendelea kumwombea.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa na mawazo ya kujiua, au hulali wala huli kwa wiki kadhaa, weka njia zote nne kando kwanza. Nenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili, hata leo, na umwambie mtu mmoja wa karibu. Hospitali ya wilaya au ya mkoa itakupa rufaa inapobidi. Unasihi utaendelea baadaye ukiwa salama.

Ukiwa bado unaishi na aliyekuumiza au unamtegemea kwa kodi na chakula, anza na kusikilizwa au na kikundi, na pamoja na hayo umwone ofisa ustawi wa jamii. Mawe yasubiri.

Ukiwa unafanya kazi za ndani Muscat au Riyadh na faragha yako ni simu usiku chini ya shuka, tiba ya fikra ndiyo inayofanyika vizuri zaidi kwa mbali. Mengi ya kazi yake ni kuandika, na kikao kikikatika unaendelea na karatasi.

Ukiwa hukumbuki tukio lolote baya lakini unajiona huna maana, usihitimishe kwamba huna haki ya kulalamika. Kutojaliwa hakuachi makovu ya kuonyesha. Kusikilizwa kwanza, kisha tiba ya skima ukiipata, ni mpangilio mzuri.

Ukiwa mzazi, na unasikia maneno ya mlezi wako yakitoka kinywani mwako ukimgombeza mwanao, tiba ya fikra hukupa breki kwa haraka, maana hukufundisha kulinasa wazo kabla halijawa tusi.

Ukiwa mwanaume uliyeambiwa kipigo ndicho kilichokukomaza, huhitaji kuikana imani hiyo mlangoni. Wengi huanza na malalamiko ya usingizi, pombe au hasira, na tiba yenye mpango na vikao vya kuhesabika huwa rahisi kuikubali. Kikundi cha wanaume, kikiwepo, kisikupite.

Vyovyote utakavyochagua, siku ya kwanza muulize mnasihi amesomea wapi, anatumia njia gani, siri inalindwaje na lini ataivunja kisheria, na mtajuaje kama mnasonga mbele. Kenya ina sheria ya 2014 iliyounda bodi ya kusajili washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo ukiwa huko uliza namba ya usajili. Mnasihi anayekasirikia maswali hayo amekupa jibu tayari. Baada ya vikao vitatu au vinne, ukiona unatoka kila mara ukijiona mdogo zaidi ya ulivyoingia, mwambie. Akisikia na kubadilika, baki. Asiposikia, una ruhusa ya kuondoka na kujaribu mwingine bila kumwomba radhi.